Kila Mtu Alisema Lakka Hazijaiva

Jumatatu, 1 Julai

Naanza daftari jipya kwa sababu la zamani limelowa ndani ya mashua, na kwa sababu leo nimepigiwa simu ambayo sijui nimsimulie nani. Wizara inafikiria kufuta ruzuku ya mashirika ya maendeleo ya mikoani kuanzia Januari. Yote, si letu peke yetu. Kijana wa kwenye simu alikuwa mpole mno, hata nikamwonea huruma. "Bado ni wazo tu, Bi. Helka," akasema. Mawazo ya wizarani nayajua mimi. Yakishafika kwenye simu, yameshapikwa na kupakuliwa.

Shirika letu ni chumba kimoja nyuma ya duka la Martta. Mfanyakazi wa kudumu ni mimi. Lipo pia gari la huduma ambalo Tauno huliendesha kila Jumanne na Alhamisi kuzunguka vijiji vyetu: dawa, vyakula, vitabu vya maktaba, na kila wiki ya pili muuguzi. Ruzuku ikifutwa, gari litauzwa, nami nitalazimika kufuata kazi mjini Kajaani. Halafu Eljas atabaki na nani?

Eljas ni baba wa marehemu mume wangu. Amevuka miaka themanini, magoti mabovu, ulimi mzito. Nyumba yake na yangu zinatazamana, katikati kuna nyasi na kamba ya nguo. Asubuhi nikiona moshi kwenye dohani yake, najua ameamka na kahawa iko jikoni. Mimi nikiondoka, watampeleka makao ya wazee, na huko nimeshafika kuwatembelea wengine. Ni pasafi, wahudumu wana upendo, na kila mtu anaangalia mlango.

Sijamwambia. Nimempikia supu ya samaki, ameimaliza, akasema, "Chumvi imo." Kwake hiyo ni sifa.

Jumatano, 3 Julai

Mvua. Mbu. Tauno amepata pancha mara mbili na kuitukana barabara yote hadi kwenye chanzo chake.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemweleza Martta dukani, wakati anapanga maziwa.

"Shoga, wakifunga ofisi yako, na mimi nafunga duka," akasema. "Nusu ya mauzo yangu hupanda gari la Tauno."

"Basi waambie."

"Niwaambie kina nani?"

"Watu wa Helsinki."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani. Ndivyo tulivyo huku. Mtu hajisifu, wala hajililii. Ukimuuliza mgonjwa mahututi hali yake, atakujibu, "Si mbaya." Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa na nimelelewa hivyohivyo. Ila mwaka huu naona ukimya huu utatumaliza. Wizarani wanasoma ripoti zangu, na ripoti zangu hazina uso.

Jumanne, 9 Julai

Nimepiga simu juu kabisa, kwa mshauri wa waziri, Bi. Eerika Vanhatalo. Nikamwomba aje atuone kabla wizara haijatoa mapendekezo yake ya bajeti. Nilitegemea kukataliwa kwa adabu. Akasema, "Naweza tarehe kumi na saba au ishirini na nne. Chagua wewe."

Sasa hapo ndipo penye kazi. Ukiita watu mkutanoni wakati lakka zimeiva, utahutubia viti. Lakka ni tunda la kinamasi, moja tu kwa kila shina, na likishaiva halisubiri mtu. Kila ukoo una kinamasi chake, na siri yake hairithishwi mpaka mzee awe kitandani pa mwisho. Wako waliosahau kuitoa wakaenda nayo, na watoto wao hawajawasamehe.

Kwa hiyo nimefanya utafiti. Martta: "Bado mbichi kabisa." Tauno: "Nyekundu kama pua ya mlevi, hata kuzitazama usijisumbue." (Lakka mbichi ni nyekundu, ikiiva ndipo inageuka rangi ya kiini cha yai.) Eljas nilimkuta kibarazani anasugua ndoo kwa mchanga. "Mwaka huu zimechelewa," akasema, bila kuinua macho.

Nimechagua tarehe kumi na saba.

Ijumaa, 12 Julai

Joto. Joto. Hata ziwa limechoka.

Jumapili, 14 Julai

Nimepita nyumba hadi nyumba. Wote wameahidi kuja. "Tutakuja, dada, tusije tena?" Nimeoka mikate ya iliki mpaka jiko likaomba msamaha.

Jioni Eljas akaja mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, kwani huwa anangoja kuitwa. Akaketi. Akamimina kahawa kwenye kisahani, akainywa kwa kipande cha sukari katikati ya meno.

"Tauno kaniambia," akasema.

"Kakwambia nini, Baba?"

"Habari za gari. Na za wewe kuhama."

"Sijahama."

"Ungeniambia mwenyewe."

Kwa kweli niliogopa kwamba atanijibu "si mbaya" kama kawaida yake, kisha nitaamini, kwa sababu kuamini kungenipunguzia mzigo. Nikammiminia kahawa nyingine. Alipoondoka alinishika bega, mkono wake ukakaa pale kidogo. Tangu tumzike Antero, mume wangu, hajawahi kunigusa.

Jumatano, 17 Julai

Niandike kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

Nilifungua ukumbi wa kijiji mapema. Nikapanga viti vyote, nikajaza birika kubwa la kahawa, nikaweka mikate ya iliki na samaki wa chumvi, nikaning'iniza ramani ya njia za gari. Bi. Vanhatalo akafika saa nne kamili na gari la kukodi. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, ana miwani myekundu na viatu vyeupe. Alinipa mkono kwa nguvu. Nilimpenda, nikazidi kuogopa.

Saa nne na robo, hakuna mtu. Saa nne na nusu, hakuna mtu. Tauno ndiye aliyepaswa kufungua mkutano, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nikakimbia dukani. Mlangoni nikakuta karatasi: *Nimekwenda kwa daktari wa meno. Martta.*

Martta ana meno ya bandia, juu na chini, tangu harusi ya binti yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wote walikuwa kinamasini. Lakka zilikuwa zimeshaiva, na wote walijua, na kila mmoja aliniambia bado mbichi ili jirani yake asitangulie. Na mimi, mwenyeji wa hapa, nikaamini! Mtu wa mjini ana udhuru, mimi sina hata mmoja.

Nikarudi ukumbini. Bi. Vanhatalo alikuwa amekaa peke yake katikati ya vile viti, kikombe mkononi.

"Labda hawakupata taarifa?" akaniuliza kwa upole.

"Walipata."

"Basi..." Akatazama ramani yangu, akatazama saa yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na birika zima la kahawa.

Mlango ukalia. Alikuwa Eljas, buti za mpira hadi magotini, kofia ya kuzuia mbu shingoni, vidole vya manjano. Alikuwa akirudi nyumbani kwa kujificha nyuma ya ukumbi, akaona lile gari geni. Akasimama kizingitini. Akavitazama viti, akaitazama mikate, mwisho akanitazama mimi.

"Hawakuja?"

"Hawakuja. Hata wewe hukuja."

Akainamisha kichwa akaangalia buti zake. Nilidhani ataondoka. Badala yake akavua kofia, akamgeukia Bi. Vanhatalo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Lakka zimeiva."

Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa hapa akimtamkia mgeni maneno hayo.

"Mama, una buti?" akamuuliza.

"Sina."

"Helka anazo. Twende ukawaone watu."

Nikapakia kahawa kwenye chupa pamoja na mikate, tukaenda na gari langu. Eljas akaelekeza njia kwa kidole, kulia, kushoto, kwenye barabara ya wakata miti ambayo naipita kila wiki bila kuiona. Kwenye njia panda akasema, "Simama." Bi. Vanhatalo akavaa buti zangu. Nami nikafungua mlango niwafuate.

"Wewe baki," akasema Eljas.

"Baba?"

"Baki na gari."

Wakaingia msituni, yeye na fimbo yake mbele, yule binti wa wizara nyuma, wakapotea. Nikabaki na mbu. Nasema ukweli, nililia. Sikulilia ruzuku.

Nilikuwa bado nafuta macho pale kichaka kilipotikisika, Martta akatokea na ndoo mbili zilizofunikwa majani. Aliponiona akaganda.

"Meno yanasemaje?" nikamuuliza.

"Yesu wangu! Helka! Mkutano!"

"Mkutano umekwisha. Mgeni aliongea na viti."

Kabla hajajibu, hatua chache kando ya kichaka kilekile akachomoza Tauno, naye na ndoo. Wakatazamana.

"Wewe unatokea huko?" Martta akamuuliza.

"Nilikuwa napita tu."

"Na ndoo imejaa?"

"Imejaa nikipita."

Kumbe miaka yote hiyo wanachuma kinamasi kimoja, mmoja kaskazini mwingine kusini, kila mmoja akidhani ni mfalme peke yake. Wakaanza kutokea wengine, mmoja mmoja, waliosikia mlango wa gari na kudhani mwizi kaja. Nikawafokea. Sijawahi kumfokea mtu kijijini. Niliwaambia kwamba wakati wao wanaficha ndoo, kuna mtu Helsinki ana kalamu mkononi, na kwamba kwake yeye kijiji kisichosema ni kijiji kisichokuwepo. Tauno akavua kofia kama tuko kanisani.

"Dada, tulidhani wengine watakwenda," akasema.

"Kila mmoja alidhani hivyo!"

Eljas na Bi. Vanhatalo wakarudi wakati nimetoa chupa ya kahawa na mikate kwenye buti la gari, kwa sababu hata ukiwa na hasira watu lazima wanywe kahawa. Yule binti alikuwa amelowa mpaka mapajani, uso umevimba kwa mbu, na midomo ya manjano. Eljas akaona umati, na umati ukaona njia aliyotokea. Sasa kijiji kizima kinajua kinamasi chake. Kwa heshima, wote wakageuza nyuso na kutazama misonobari.

Bi. Vanhatalo akachukua kikombe. "Nimeambiwa hamtaki kuzungumza," akasema. "Lakini swali langu ni moja. Barabara ya theluji mnaisafisha wenyewe. Ukumbi mmejenga wenyewe. Ujima mnao kuliko watu wengi. Kwa nini serikali iwalipe?"

Nikafikiri, haya, tumekwisha. Kisha Tauno akakohoa.

"Theluji naiondoa kwa trekta yangu, ndiyo, sidai kitu. Lakini nitajuaje ni mlango wa nani una mgonjwa ndani? Helka ndiye ananiambia. Nguvu tunazo, mama. Ila nguvu bila mtu wa kuzipanga ni watu wengi wamesimama barabarani na ndoo. Kama unavyoona."

Watu wakacheka, naye akashangaa kwamba amechekesha.

"Ule ukumbi tulijenga kwa mikono," Martta akadakia, "lakini mbao zilitoka kwenye fedha za Ulaya, na fedha za Ulaya aliziomba Helka, karatasi juu ya karatasi. Mimi nikipewa karatasi ile nawashia jiko. Ninyi mkimwondoa yeye hamwokoi fedha, mnatuondolea hamira. Unga utabaki hapa, umelala."

"Kila mkoa unaniambia hivyo," akasema Bi. Vanhatalo, si kwa ukali. "Blanketi ni fupi. Nikivuta kwenu, kuna miguu mahali pengine itabaki nje."

Na hilo nalo ni kweli. Ndipo Eljas aliposema. Alikuwa ameegemea gari, anatazama chini.

"Mimi sitaki kwenda mjini."

Alisema hivyo tu. Sauti ilikuwa ndogo. Mzee ambaye hakusema neno alipomzika mkewe, hakusema neno alipomzika mwanawe, akasimama barabarani mbele ya majirani wote akasema anachotaka. Martta akaanza kulia ndani ya kikombe.

Alhamisi, 18 Julai

Sikulala vizuri. Asubuhi nikavuka uwanja nikiwa na hasira ya kitoto, nikamkuta anachambua lakka mezani.

"Baba, nimekuwa mkwe wako miaka thelathini. Nakusugulia sauna, nakunyoa nywele. Umemwonyesha mgeni kwanza!"

"Wewe ningekuonyesha nikiwa nakufa."

"Basi ningeona kwa machozi."

Akacheka, kwikwi fupi mbili. Kisha akaacha kuchambua.

"Sikukuacha kwenye gari kwa sababu ya kinamasi," akasema. "Nilikuwa nakwenda kumwomba. Sijawahi kumwomba mtu kitu. Sikutaka unione."

Nikaketi karibu naye. Tumechambua mpaka adhuhuri, mabua huku, matunda kule.

Jumatatu, 22 Julai

Jamu. Mitungi imejaa. Vidole vinanata hata kwenye kalamu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mapendekezo ya wizara yametoka. Ruzuku ya mashirika ya mikoani: hakuna. Nimeyasoma mara tatu, kana kwamba sifuri ikisomwa vizuri itaongezeka.

Bi. Vanhatalo akapiga simu mwenyewe. "Nilijaribu, Bi. Helka. Nimeshindwa humu ndani. Lakini mawaziri watakaa kuamua bajeti mapema Septemba. Wanasikia kelele kuliko hoja. Samahani kusema hivyo." Alikuwa na mafua, au alikuwa analia.

Eljas nimemwambia mwenyewe safari hii, mara moja. Akasema, "Ni mbaya." Namshukuru kwa neno hilo.

Jumamosi, 17 Agosti

Sijui nilikuwa nawajua watu hawa au nilidhani tu.

Martta amepiga simu kwenye kipindi cha redio ya mkoa, kile cha watu kulalamika kuhusu mbwa na barabara. Akapewa dakika mbili, akachukua muda mrefu zaidi, mtangazaji hakuthubutu kumkata. Alieleza juu ya gari, dawa, wateja wake vikongwe wa ng'ambo ya ziwa. Mwishoni akatangaza kwa mkoa mzima kwamba hakuwa kwa daktari wa meno, kwamba hana jino hata moja la kutibiwa, na kwamba alimwaibisha rafiki yake kwa ajili ya ndoo mbili za lakka. Nilikuwa naosha vyombo. Ilinibidi nikae sakafuni.

Tauno naye, kila Jumanne na Alhamisi, haondoki mlangoni mwa mtu mpaka ampigie simu mbunge wake. "Dawa ndizo hizi, bibi, na namba ndiyo hii. Anza na namba." Nimemwambia hiyo ni kama utekaji. Akasema ni maendeleo ya mkoa.

Jumatano, 28 Agosti

Baridi ya kwanza kwenye nyasi. Mikoa mingine nayo inapiga kelele. Nimesikia watu wa pwani na wa mpakani redioni, kila mmoja na lafudhi yake, wakisema yaleyale. Nilidhani tuko peke yetu.

Jumanne, 3 Septemba

Simu imelia nikiwa na Tauno tunapakia gari. Mawaziri wamerudisha ruzuku. Imepunguzwa kidogo, na ni ya mwaka ujao peke yake. Baada ya hapo watatazama tena.

"Mwaka mmoja," Bi. Vanhatalo akasema. "Natamani ningekuwa na zaidi."

Tauno akanibeba juu juu akanizungusha, mtu mwenye mgongo mbovu. Kisha akaingia garini kwa sababu ilikuwa Jumanne na watu walikuwa wanangoja.

Eljas nilimkuta gatini anatoa samaki wadogo kwenye wavu. Nikamwambia. Akaendelea kutoa samaki.

"Mwaka mmoja?"

"Mwaka mmoja, Baba. Mpaka Desemba ya mwaka kesho. Zaidi ya hapo sijui, sitaki kukudanganya."

"Hm," akasema. Nikasikitika kidogo. Nilikuwa nimetegemea furaha, au angalau lile "chumvi imo" lake.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo asubuhi nimeamshwa na kishindo uwanjani. Nikatoka na koti juu ya nguo ya kulalia. Tauno alikuwa amerudisha nyuma trela ya trekta hadi kwenye banda la Eljas, anamwaga magogo yenye gome jeupe, lundo refu kuliko mimi. Eljas alikuwa amesimama pembeni anamwongoza kwa fimbo.

Nikaokota kipande. Kilikuwa kizito, kinatoa maji. Mti ulikuwa umekatwa wiki hii.

"Tauno, umemuuzia mzee kuni mbichi! Atawashaje hizi majira ya baridi?"

"Mimi nimeleta nilichoagizwa," Tauno akasema, na akajifanya anatazama tairi.

Nikamgeukia Eljas. "Baba, hizi hazitakauka mpaka kiangazi kijacho kipite. Za baridi hii unazo bandani. Hizi zitawaka baridi ya baada yake."

"Najua kuni," akasema.

"Wakati huo fedha zitakuwa zimekwisha. Nimekuambia ni mwaka mmoja."

"Umeniambia." Akainama, magoti yakilia, akachukua gogo la kwanza akaliweka ukutani mwa banda, gome juu. "Basi utapiga kelele tena," akasema. "Mimi nitakuwa hapa. Lete hilo la pili, mwanangu."

Nikalileta.